Château-Gaillard: Ngome ya Mfalme na Watu wa Handakini

Mkitoka Paris na kuufuata mto Seine kuelekea bahari, mwafika Les Andelys, mji mdogo wa Normandie. Juu yake, penye genge jeupe la chokaa, lasimama gofu la ngome iitwayo Château-Gaillard. Tulipanda huko kwa miguu asubuhi moja, tukafika juu tukihema. Lakini tulipouona mto ukijipinda chini yetu, tulifahamu mara moja kwa nini mfalme alipachagua mahali pale.

Mfalme huyo ndiye Richard wa Uingereza, aliyeitwa Moyo wa Simba, naye alikuwa pia mtawala wa Normandie. Aliijenga kati ya mwaka 1196 na 1198, ili kumzuia Philippe Auguste, mfalme wa Ufaransa, asiufikie mji wa Rouen. Mafundi walichimba mahandaki katika mwamba, wakazungusha kuta, ukuta ndani ya ukuta, na mwisho wakasimamisha mnara mnene. Lakini Richard alikufa mwaka 1199, na ngome ikawa ya ndugu yake Jean.

Mwaka 1203 Philippe alikuja kuizingira. Watu wa kijiji cha chini, wake kwa waume na watoto, walikuwa wamekimbilia ndani. Akiba ilipopungua, mkuu wa ngome, Roger de Lacy, aliwatoa nje kwa makundi. Wa kwanza waliachwa wapite. Kisha Philippe akakataza, maana alitaka warudi wakaimalize akiba ile. Kundi la mwisho likapigwa mishale. Waliporudi nyuma wakakuta lango limefungwa. Basi mamia ya watu wakakaa kati ya majeshi mawili, wakati wa baridi kali, wakila majani na chochote walichookota. Habari hizo ziliandikwa na Guillaume le Breton, padri wa mfalme Philippe. Mwishoni mfalme aliwahurumia, akaamuru walishwe. Lakini wengi walikuwa wamekwisha kufa.

Ngome yenyewe ilitekwa tarehe 6 Machi 1204. Mwaka 1599 mfalme Henri IV aliamuru ibomolewe, na tangu mwaka 1862 magofu yake yalindwa na serikali kama kumbukumbu ya taifa.

Siku ile tuliyofika, majani mabichi yalikuwa yamelijaza handaki. Mama mmoja aliketi ukingoni akiwagawia watoto wake mkate. Tulinyamaza. Wahenga walisema kweli: wapiganapo tembo, nyasi huumia. Nasi wa Kongo, ambao jamaa nyingi kwetu zimekimbia vita zikibeba watoto mgongoni, hatuhitaji kufafanuliwa methali hiyo.

Enyi wazazi, mkiwasimulia watoto wenu sifa za Moyo wa Simba, wasimulieni pia habari za wale waliogonga lango wasifunguliwe.