Piano ya Ujerumani au ya China: jina la nchi linakuambia nini?

Tuseme kwaya yenu imechanga fedha, na muuzaji amewaonyesha piano mbili zilizotumika. Moja ina jina la Kijerumani na umri wa miaka mia moja. Nyingine imetengenezwa China, ina miaka kumi, na bei ni ileile. Wengi watakimbilia ya Ujerumani, na huenda wakarudi nyumbani na kabati zuri tu.

Sifa ya Ujerumani haikuja bure. Piano ina nyuzi zaidi ya 200, na zote kwa pamoja huvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani 20. Mvuto huo hubebwa na fremu ya chuma na mbao, na mbao zisipokaushwa vizuri hupasuka au kujipinda. Kuzikausha kunataka muda, na muda ni gharama. Viwanda vya Ujerumani vilikuwa na mafundi wa kurithishana kazi, na wateja waliokubali kulipia subira hiyo.

Lakini ujuzi huhama. Kampuni ya Steinway ilianzishwa New York mwaka 1853 na mhamiaji Mjerumani, na leo ina viwanda New York na Hamburg. Piano zake za bei nafuu, ziitwazo Essex, zimekuwa zikitengenezwa China. Yamaha ya Japani ilianza kuunda piano mwaka 1900. Baadaye Sviatoslav Richter, mpiga piano mashuhuri wa Kisovieti, alizichagua kwa maonyesho yake. Hata zamani piano haikuwa ya nchi moja: funguo nyeupe za piano nyingi za Marekani katika karne ya 19 zilichongwa kwa pembe za ndovu zilizopitia Zanzibar.

Kwa hiyo fungueni kifuniko cha juu, mtafute namba iliyopigwa ndani. Kwa kampuni nyingi, namba hiyo huonyesha mwaka wa kutengenezwa. Kisha mwiteni fundi. Kwanza aangalie pini zinazokaza nyuzi. Zikiwa zimelegea kwenye mbao, piano itapoteza sauti muda mfupi baada ya kurekebishwa, na matengenezo yanaweza kuzidi bei mliyonunulia. Aangalie pia nyufa kwenye ubao wa sauti, na kama nondo wamekula sufu ya nyundo ndogo zinazogonga nyuzi. Bonyezeni funguo zote 88, moja moja.

Kama fundi yuko mjini, wekeni nauli yake kwenye hesabu kabla ya kutoa hata shilingi ya arubuni.