Mlonge, sombe na mawese: majani ya kijani katika chakula cha mtoto wa Isangi

Mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake huja duniani na akiba ya madini ya chuma aliyoipata kwa mama yake katika miezi ya mwisho ya ujauzito, na akiba hiyo, pamoja na kiasi kidogo kilichomo katika maziwa ya mama, humtosha kwa takribani miezi sita ya kwanza. Baada ya hapo mwili wake unaokua kwa kasi huanza kudai zaidi ya kile ambacho ziwa linaweza kutoa, na ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake hadi atimize miezi sita, kisha aanzishiwe chakula cha nyongeza, yaani chakula kinachoongezwa juu ya maziwa ya mama bila kuyaondoa, huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Suala la majani ya mboga, ukiwemo mlonge ambao nchini Kongo hujulikana zaidi kwa jina la moringa, linahusu hasa kipindi hicho cha kati ya miezi sita na miaka miwili.

Katika eneo la Isangi, ambako mto Lomami huingia katika mto Kongo zaidi ya kilomita 100 chini ya Kisangani, suala hilo lina uzito wa pekee. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2013–2014 ulionyesha kwamba asilimia 43 ya watoto wa Kongo walio chini ya miaka mitano walikuwa na udumavu, yaani walikuwa wafupi kuliko inavyotarajiwa kwa umri wao, na kwamba asilimia 60 ya watoto wa miezi 6 hadi 59 walikuwa na upungufu wa damu. Hata hivyo Isangi si nchi kame: mvua hunyesha karibu mwaka mzima, mihogo na ndizi za kupika hustawi, Walokele, wenyeji wa eneo hilo, wanajulikana tangu zamani kwa uvuvi na biashara ya mtoni, michikichi imejaa mashambani, na majani ya kuliwa hupatikana nyuma ya nyumba na msituni. Mahali kama hapo, jambo la kwanza la kuuliza ni iwapo majani yaliyopo humfikia mtoto mapema, yakiwa laini vya kutosha, na yakiandamana na vyakula vinavyoyawezesha kufanya kazi mwilini.

Mlonge, ambao asili yake ni chini ya milima ya Himalaya kaskazini-magharibi mwa India, umesifiwa sana kwa miaka zaidi ya ishirini iliyopita. Sifa nyingi zinazosikika leo zilienea kutoka Senegali, ambako mwishoni mwa miaka ya 1990 Lowell Fuglie, aliyefanya kazi na shirika la Church World Service, alihamasisha matumizi ya unga wa majani yake kwa kina mama na watoto. Ndipo ulipopata umaarufu ule ulinganisho unaosema kwamba mlonge una vitamini C kupita machungwa, kalisi kupita maziwa na chuma kupita mchicha. Ulinganisho wa namna hiyo hupotosha, kwa kuwa hupima gramu kwa gramu ilhali hakuna mtoto anayekula unga wa mlonge kwa wingi anaokula nao chungwa; isitoshe, vitamini C huharibika kwa sehemu kubwa jani linapokaushwa na kupikwa.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha ukweli ulivyo. Kijiko cha chai cha unga wa mlonge kina uzito wa takribani gramu 2, na kwa kuwa karibu robo ya unga huo ni protini, mtoto anayepewa kijiko hicho hupata nusu gramu tu ya protini, wakati mtoto wa miezi 7 hadi 12 anahitaji takribani gramu 11 kwa siku. Kwa upande wa chuma, hata ikichukuliwa kwamba gramu 100 za unga zina miligramu 25, kijiko hicho kitatoa nusu miligramu, na sehemu kubwa yake haitafyonzwa, ilhali viwango vinavyotumika sana humpangia mtoto wa umri huo miligramu 11 kwa siku. Haya hayaushushi mlonge thamani. Gramu 100 za majani mabichi zina takribani gramu 9 za protini, miligramu 185 za kalisi na miligramu 4 za chuma, kiasi ambacho ni kikubwa kwa jani. Mlonge ni mboga nzuri miongoni mwa mboga nzuri, na mzazi anayeambiwa kuwa kijiko cha unga wake kinaweza kusimama badala ya samaki au yai anadanganywa kwa jambo linalogusa uhai wa mwanawe.

Manufaa makubwa ya majani ya kijani kwa mtoto yamo katika beta-karotini, rangi ya asili ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na vitamini hiyo hulinda macho pamoja na ngozi laini za ndani ya pua, mapafu na utumbo dhidi ya maambukizi. Ugeuzaji huo, hata hivyo, si rahisi, kwa sababu beta-karotini imefungwa ndani ya chembe za jani, haiyeyuki katika maji, na huhitaji mafuta ili ipite katika ukuta wa utumbo. Mwaka 1995 Saskia de Pee na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet utafiti uliofanywa Indonesia, ambao uliwashangaza wengi kwa kuonyesha kwamba kina mama wanaonyonyesha waliolishwa mboga za majani ya kijani hawakuongeza vitamini A mwilini kama ilivyotarajiwa. Kutokana na utafiti huo na mingine iliyofuata, wataalamu walipunguza makadirio yao, na sasa huhesabiwa kwamba takribani sehemu 12 za beta-karotini ya chakula hutoa sehemu 1 tu ya vitamini A.

Hapo ndipo Isangi inapokuwa na bahati ambayo nchi nyingi hazina. Mafuta mekundu ya mawese hulipa jani mafuta linayoyahitaji, na zaidi ya hayo yenyewe yana beta-karotini nyingi iliyokwisha kuyeyuka, hivyo utumbo wa mtoto huipokea kwa urahisi kuliko ile ya kwenye jani. Mchikichi wenyewe una historia ya kisayansi katika eneo hilohilo: kituo cha utafiti wa kilimo cha Yangambi kilianza mwaka 1933, na mwaka 1941 watafiti wake Beirnaert na Vanderweyen walieleza jinsi unene wa ganda la kokwa ya chikichi unavyorithiwa, ugunduzi ambao mashamba ya michikichi duniani yanautegemea hadi leo. Kijiko cha chai cha mawese, chenye takribani kalori 40, kikichanganywa katika majani yaliyopikwa, hutatua pia udhaifu mwingine wa mboga, ambao ni kujaza tumbo dogo bila kutoa nguvu ya kutosha. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 anayenyonya huhitaji kalori zipatazo 200 kwa siku kutoka katika chakula cha nyongeza, na tumbo lake huchukua takribani gramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake, hivyo kila kijiko kinachoingia kinapaswa kubeba kitu. Rangi nyekundu ya mawese ndiyo yenye manufaa yanayozungumzwa hapa. Mafuta yaliyochemshwa kwa moto mkali mpaka yakawa meupe yamepoteza sehemu kubwa ya beta-karotini yake.

Kuhusu chuma, jani linahitaji msaada zaidi. Chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida, kwa sababu hushikwa na fitati, kemikali inayopatikana kwa wingi katika nafaka na kunde, na pia na kemikali zinazoyapa majani uchungu na ukakasi. Vitu viwili hulegeza kizuizi hicho, navyo ni vitamini C, inayopatikana katika limau, chungwa, pera au papai, na nyama au samaki anayeliwa katika mlo uleule. Samaki mdogo wa mtoni, awe mbichi au wa kukaushwa kwa moshi, akipikwa, akitolewa miiba na kusagwa kabisa, huongeza chuma chake mwenyewe na papo hapo husaidia chuma cha mboga kuingia mwilini. Mchuzi wa samaki peke yake haufanyi kazi hiyo, kwa kuwa virutubisho vingi hubaki katika mnofu, na mtoto anayepewa mchuzi huku mnofu ukienda katika sahani za wakubwa ananyimwa sehemu anayoihitaji kuliko wote waliokaa mezani.

Sombe, yaani majani ya mihogo ambayo wasemaji wa Lingala huyaita pondu, huhitaji maelezo marefu zaidi kwa sababu ndiyo mboga ya kila siku na pia ndiyo yenye hatari ikipikwa kwa haraka. Jani la muhogo lina linamarini, kemikali ambayo haidhuru ikiwa imetulia ndani ya chembe zake, lakini jani linapopondwa linamarini hukutana na kimeng'enya, yaani protini inayochochea mabadiliko ya kemikali, ikavunjika na kutoa sianidi, ambayo ni sumu. Majani kwa kawaida huwa na kemikali hiyo kwa wingi kuliko mzizi. Utwangaji wa mama wa Isangi katika kinu, ukifuatwa na kuchemsha kwa muda mrefu katika sufuria iliyo wazi wakati wote, ni kanuni iliyo sahihi kisayansi: kinu huilazimisha sumu itoke, na mvuke huichukua. Majani yaliyokatwakatwa tu bila kutwangwa vizuri, au yaliyochemshwa kwa dakika chache ili kuokoa kuni, hayafai kupewa mtoto mdogo, ambaye mwili wake hubeba sumu kwa shida zaidi. Wako pia wapishi wanaotia magadi au bikaboneti ili sombe ilainike upesi na kubaki ya kijani, na gharama yake ni kuharibika kwa vitamini C na baadhi ya vitamini B.

Lengalenga, ambao ni jamii ya mchicha, na matembele ya viazi vitamu hulainika haraka, hayana sumu ya aina hiyo, na kwa hiyo yanafaa kuwa majani ya kwanza kabisa pamoja na mlonge mbichi. Ngai-ngai yenye uchachu inaweza kufuata kidogo kidogo. Fumbwa ya msituni ina nyuzi ngumu, na inafaa kusubiri mpaka mtoto awe na meno ya kutafuna.

Katika kuanza, kijiko kimoja cha chai cha majani yaliyopikwa na kusagwa kabisa, kikichanganywa katika uji mzito au ndizi iliyopondwa, kinatosha kwa siku chache za mwanzo, na jani jipya lisiongezwe mpaka siku mbili au tatu zipite bila mtoto kuharisha wala kupata vipele. Uji unapaswa kuwa mzito kiasi cha kutodondoka mara moja kutoka kwenye kijiko, kwa kuwa uji mwepesi ni maji yaliyotiwa rangi. Kutoka milo miwili au mitatu kwa siku katika miezi 6 hadi 8, mtoto hufikia mitatu au minne baada ya miezi 9, na majani hayapaswi kuchukua zaidi ya sehemu ndogo ya bakuli lake. Akitema, hilo ni jambo la kawaida, kwani watoto huzaliwa wakipenda utamu na kukwepa uchungu, na tafiti zimeonyesha kwamba ladha mpya mara nyingi hukubaliwa baada ya kuonjeshwa mara nane hadi kumi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 huko Philadelphia ulionyesha kwamba watoto ambao mama zao walikunywa maji ya karoti wakati wa ujauzito au wa kunyonyesha waliipokea ladha ya karoti kwa urahisi zaidi, jambo linalomaanisha kwamba mama anayekula mboga huanza kumzoesha mwanawe kabla ya kijiko cha kwanza.

Majani yapikwe na kuliwa siku hiyohiyo. Mboga za majani zina nitrati, ambayo chakula kilichopikwa kikikaa katika joto la Isangi hugeuzwa na bakteria kuwa nitriti, kemikali inayoweza kuizuia damu ya mtoto kubeba oksijeni. Chakula kilicholala kina pia vijidudu vya kuharisha. Maji ya kuoshea yanastahili uangalifu uleule, kwani mlipuko wa kipindupindu wa mwaka 2011 ulisambaa kutoka Kisangani ukifuata mto Kongo.

Kwa mtu anayetaka kupanda mlonge, hali ya hewa ya Isangi inaleta ugumu ambao maelezo mengi yaliyoandikwa kwa ajili ya nchi kame hayautaji. Mti huo huchukia mizizi yake kukaa majini, na mahali penye mvua ya takribani milimita 1,800 kwa mwaka, kama Yangambi, ni lazima upandwe kwenye mwinuko ambapo maji hayatuami, kisha ukatwe kila mara ili uchipue matawi mapya karibu na mkono. Unyevu huohuo hufanya ukaushaji kuwa wa mashaka, kwa sababu majani yanayokauka polepole huota ukungu, na unga wenye ukungu haupaswi kumkaribia mtoto hata ukiwa umenunuliwa kwa bei kubwa. Majani mabichi yaliyochumwa asubuhi na kupikwa mchana ni salama zaidi na hayagharimu kitu. Mizizi na magome ya mti huo yana kemikali zenye sumu na hayafai kutumiwa kwa mtoto kwa namna yoyote.

Upungufu wa damu katika bonde hili la mto Kongo hausababishwi na chakula peke yake, kwani malaria na minyoo huharibu au kunyonya damu ambayo mlo unajaribu kuijenga. Kwa hiyo chandarua na dawa za minyoo zinazotolewa kwa umri unaofaa zinakwenda pamoja na bakuli la mboga. Vilevile majani hayaondoi haja ya matone ya vitamini A, ambayo hutolewa kila baada ya miezi sita kwa kipimo cha yuniti 100,000 kwa mtoto wa miezi 6 hadi 11 na yuniti 200,000 kuanzia mwaka mmoja. Na mtoto ambaye mzunguko wa mkono wake wa juu uko chini ya milimita 115, au ambaye miguu yake yote miwili imevimba na kubaki na shimo ikibonyezwa, ana utapiamlo mkali; huyo anapaswa kupelekwa kituo cha afya siku hiyohiyo kwa chakula cha tiba, na wala asicheleweshwe nyumbani kwa kujaribiwa mlonge.