Saruji ya Pongwe, kiu ya Mkwakwani

Pongwe ndiko saruji ya Tanga inakotoka. Mawe ya chokaa huchimbwa hapa hapa, na malori yaliyosheheni mifuko yenye nembo ya Simba hushika barabara ya Segera kwenda kujenga miji ya wenzetu. Ukielekea upande wa pili, unaingia mjini, na huko ndiko uliko uwanja wa Mkwakwani unaoisubiri saruji hiyo.

Mkwakwani si uwanja wa kubezwa. Ndiyo nyumba ya Coastal Union, Wagosi wa Kaya, mabingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988, na ya watani wao African Sports, Wana Kimanumanu. Juni 2023 Yanga waliifunga Azam hapa 1-0 katika fainali ya Kombe la Shirikisho. Agosti 13 mwaka huohuo Simba na Yanga wakagombea Ngao ya Jamii. Dakika 90 zikaisha bila bao, Simba wakashinda kwa penalti, kipa Ally Salim akiwa shujaa. Siku hiyo Tanga ilifurika.

Mwaka uliofuata Coastal wakashika nafasi ya nne kwenye ligi na kupata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Wakapangwa na Bravos do Maquis ya Angola. Kwa kuwa Mkwakwani haukuwa tayari, mchezo wao wa nyumbani ukachezwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 300 kutoka Tanga. Wazee waliosubiri miaka mingi kuiona timu yao Afrika wakaifuata redioni. Jambo hilo liliniuma, na bado linaniuma.

Sierra Leone wanaujua uchungu huo. Juni 2023, uwanja wao wa taifa pale Freetown ukiwa umefungwa, waliikaribisha Nigeria mjini Monrovia, katika nchi ya jirani.

Mkwakwani ni mali ya chama cha CCM, kama vilivyo Kirumba, Sokoine na vingine vingi vya mikoani. Chama kina haki ya kumiliki, lakini umiliki una wajibu wake. Fedha za AFCON 2027 zimeelekezwa Dar es Salaam, Arusha na Zanzibar. Sioni wivu, ila naona Tanga imesahauliwa. Chama, Jiji na kiwanda cha saruji wakae kitako sasa, wakubaliane nani anajenga majukwaa na nani anaweka taa, kabla Coastal haijafuzu tena.