Daftari Lililomfichua Gavana

Sisilia ni kisiwa kikubwa katika Bahari ya Mediterania. Siku hizi ni sehemu ya nchi ya Italia. Tangu zamani kisiwa hiki kilisifiwa kwa ngano.

Roma ilikipigania kisiwa hicho na Karthago, mji uliokuwa pale ilipo Tunisia leo. Vita vilianza mwaka 264 kabla ya Kristo, vikaisha mwaka 241. (Miaka ya kabla ya Kristo huhesabiwa kwa kushuka.) Roma ilishinda. Sisilia ikawa jimbo lake la kwanza ng'ambo ya bahari. Baadaye ikawa inatawaliwa na gavana kutoka Roma.

Wakulima wengi wa Sisilia walilipa zaka ya ngano. Aliyevuna magunia 10 alitoa gunia 1. Haki ya kukusanya zaka iliuzwa kwa mnada. Lakini sheria ilimlinda mkulima. Yeye na mkusanyaji walipatana kwanza, na mapatano yao yakaandikwa.

Mwaka 73 alikuja gavana aitwaye Verres. Alitawala miaka 3. Alitoa amri kwamba mkulima ampe mkusanyaji kiasi chochote atakachodai. Aliyeonewa aliruhusiwa kushtaki baadaye. Lakini waamuzi walitoka miongoni mwa watu wa Verres. Je, mkulima angepata haki wapi? Wengi waliacha mashamba yao.

Wenyeji walimwendea Cicero, mwanasheria wa Roma. Walimjua, kwa sababu mwaka 75 alikuwa ofisa wa fedha kisiwani, na alitenda haki. Cicero alizunguka Sisilia kwa siku 50. Alisikiliza wakulima na kusoma madaftari. Katika wilaya ya Leontini alionyesha kwamba wakulima walikuwa 84 Verres alipofika. Mwaka wa tatu walibaki 32.

Katika mji wa Syracuse alifungua daftari la hesabu la wakusanyaji wa kodi. Humo aliona jina Verrucius mara nyingi. Kila mara herufi za mwanzo zilikuwa safi. Herufi za mwisho zilikuwa zimefutwa na kuandikwa upya. Cicero aliuliza, "Verrucius ni nani?" Mwenye daftari hakuweza kujibu. Jina la kwanza lilikuwa Verres! Mtu alikuwa amelibadili ili kuficha fedha za gavana. Cicero alinakili hesabu hizo mbele ya watu, pamoja na alama za kufutwa.

Kesi ilisikilizwa Roma mwaka 70. Ushahidi ulikuwa mzito mno. Verres alikimbia kabla kesi haijaisha, akaenda Massilia, mji unaoitwa sasa Marseille, Ufaransa. Mahakama ilimtia hatiani.

Sisilia iliendelea kutawaliwa na Roma na kulipa zaka. Hata hivyo gavana mwenye nguvu alikuwa ameshindwa. Wakulima walisema kwa midomo yao, na maandishi yakathibitisha maneno yao.

Basi, ndugu msomaji, unapouza mazao yako, soma stakabadhi kabla ya kuondoka. Tazama jina, uzito na bei. Ukiona mahali pamefutwa, uliza. Kisha itunze mahali pakavu.

Maswali

1. Sheria ya zamani ilimlindaje mkulima wa Sisilia?
2. Kwa nini ilikuwa vigumu kumshtaki mkusanyaji wakati wa Verres?
3. Cicero alijuaje kwamba jina Verrucius lilikuwa la uongo?
4. Ninyi hutunza wapi stakabadhi zenu? Zungumzeni darasani.