Lugha ya Tangazo la Mfanyabiashara Mdogo: Stadi ya Kujifunza

1.0 Utangulizi

Kauli mbili zinagongana katika maduka madogo ya Afrika Mashariki. Ya kwanza ni methali kongwe isemayo kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ya pili ni msemo wa mjini: biashara matangazo. Mwenye kuishika ya kwanza huweka bidhaa mezani akanyamaza. Mwenye kuishika ya pili hupaza sauti, na aghalabu hupaza bila kupima anachokisema. Makala haya yanachunguza nafasi iliyopo kati ya wawili hao, yaani uandishi wa tangazo fupi unaofanywa na mtu mwenye genge, cherehani au meza ya chakula, asiye na wakala wala bajeti. Hoja inayotetewa ni kwamba stadi hiyo, ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa tawi la taaluma ya masoko, kwa sehemu kubwa ni stadi ya lugha. Mwanaisimu ana mengi ya kusema juu yake kuliko aliyokwisha kusema.

Suala lenyewe si la mapambo. Kampuni kubwa ikiandika tangazo baya hupoteza sehemu ya bajeti yake, kisha huandika jingine. Muuza maziwa akiandika kibao kisichomleta mtu, maziwa humchachia jioni ile ile.

2.0 Usuli

Maandishi mafupi yenye kazi ya kuvuta macho ya mnunuzi si mageni katika Kiswahili. Kanga ni ushahidi. Mfanyabiashara wa Mombasa Kaderdina Hajee Essak, maarufu kwa jina la Abdulla, anahusishwa na desturi ya kutia maneno katika kanga mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa hati za Kiarabu na baadaye kwa hati za Kirumi. Jina la kanga ni fupi, lina mwelekewa anayekisiwa, nalo huuza kitambaa bila kukitaja kitambaa. Sifa hiyo ya tatu ndiyo inayostahili kukumbukwa na kila anayefundisha uandishi wa matangazo.

Katika isimu, uchunguzi wa uwanja huu ulipata msingi imara pale Geoffrey Leech alipochapisha, mwaka 1966, utafiti wake juu ya Kiingereza cha matangazo nchini Uingereza. Kwa upande wa Tanzania, historia ilikwenda njia nyingine. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 sehemu kubwa ya biashara ya jumla ilishikwa na mashirika ya umma, na bidhaa zilipoadimika muuzaji hakuwa na haja ya kumshawishi mtu. Alihitaji kuarifu tu. Kulegezwa kwa masharti ya biashara katikati ya miaka ya 1980, na sheria ya utangazaji ya 1993 iliyoruhusu vituo binafsi, kulirudisha ushindani na pamoja nao haja ya kushawishi. Hata hivyo sarufi ya vibao haikubadilika kwa kasi hiyo. Muundo wa "Barafu zinapatikana hapa" ungali umeenea mitaani. Inawezekana kabisa kuuona kuwa mabaki ya enzi ya uhaba, kwa sababu neno "zinapatikana" lilikuwa habari kamili wakati ambapo kupatikana kwenyewe kulikuwa ajabu. Katika mtaa wenye wauza barafu wanne, neno hilo halimwambii msomaji lolote asilolijua.

3.0 Sarufi ya kibao

Uchukuliwe mfano wa kubuni wa mama anayeuza maziwa asubuhi kando ya barabara. Kibao chake cha kwanza kinasomeka hivi: "Maziwa safi na bora yanapatikana hapa kwa bei nafuu. Karibuni nyote." Hakuna kosa la kisarufi katika sentensi hizo, na mwalimu wa shule angezitia alama ya vema. Udhaifu wake ni wa kisemantiki na kipragmatiki. Vivumishi "safi" na "bora" havitofautishi, kwa kuwa hakuna muuzaji atakayeandika kinyume chake. "Nafuu" ni neno la kulinganisha lililonyimwa cha kulinganishwa nacho. Kauli ya kutendeka katika "yanapatikana" imemwondoa mtenda, hivyo maziwa yanaonekana kana kwamba yamejileta yenyewe. Nalo "nyote" linamwita kila mtu, na kwa sababu hiyo hakuna anayegeuka.

Kibao cha pili kinasema: "Maziwa ya leo asubuhi. Yamechemshwa. Njoo na chombo chako, upimiwe mbele yako." Idadi ya maneno inakaribia kuwa ile ile, lakini mofimu zinafanya kazi. Kiambishi -me- katika "yamechemshwa" kinadai tendo lililokamilika ambalo tokeo lake lipo sasa, nalo linaweza kuthibitishwa kwa kuonja. Kitenzi "upimiwe" kimebeba mambo manne kwa pamoja: nafsi ya pili umoja, kauli ya kutendea, kauli ya kutendwa, na kiishio -e cha ombi. Mteja ndiye anayefanyiwa, tendo linafanywa kwa faida yake, naye haamrishwi. Virai "mbele yako" vinajibu hofu ambayo kila mnunuzi wa maziwa anayo na ambayo kibao cha kwanza hakikuigusa, yaani hofu ya maji. Muuzaji hakusema kwamba yeye ni mwaminifu. Ameeleza utaratibu ambao mtu asiye mwaminifu asingeukubali.

Kauli ya kutendea inastahili kutazamwa zaidi, maana hapa Kiswahili kina chombo ambacho vitabu vya matangazo vilivyoandikwa kwa lugha nyingine haviwezi kukifundisha. Fundi anayeandika "Tunashona sare za shule" anajieleza yeye. Akiandika "Tunakushonea sare", ameingiza kiambishi -ku- na kwa herufi hizo mbili amemleta msomaji ndani ya kitenzi. Akiandika "Mlete mwanao apimwe leo, sare uichukue Ijumaa", ameacha kuzungumzia ushonaji kabisa na kuanza kuzungumzia wiki ya mzazi. Mfuatano wa vitenzi vyenye kiishio -e unajenga ratiba ndogo ambayo msomaji anajiona ndani yake.

Suala la adabu nalo limo humo. Katika mazungumzo ya ana kwa ana muuzaji humtazama mteja na kuchagua: mama, dada, kaka, mzee, mjomba. Maandishi hayaoni uso, kwa hiyo hupoteza hazina hiyo, na amri tupu kama "Nunua sasa" hubaki bila kilainishi. Kwa mtu mzima asiyejulikana, amri hiyo ni ukosefu wa heshima. Ndiyo maana matangazo ya Kiswahili yamejijengea miundo ya "karibu ujipatie" na "usikose", ambayo kwa bahati mbaya imechakaa kwa kutumiwa na kila mtu.

4.0 Kiasi cha habari

Kanuni ya ushirikiano iliyofafanuliwa na H. P. Grice mwaka 1975 inatarajia msemaji atoe habari kwa kiasi kinachohitajika. Wafanyabiashara wengi wadogo wanaotangaza kwa simu huweka picha ya gauni na kuandika "bei njoo inboksi". Zipo sababu za kibiashara za kuficha bei, mojawapo ikiwa ni nafasi ya kupatana. Hata hivyo msomaji huijaza nafasi iliyoachwa wazi kwa makisio yake, na makisio ya kwanza ni kwamba bei ni kubwa, au kwamba inategemea sura ya mwuliza. Anayetaka kupatana angefanya vema zaidi kutaja bei ya kuanzia.

Tafsiri ni tatizo jingine. Sentensi kama "Unastahili kilicho bora" husikika kama Kiswahili kilichovaa koti la mtu mwingine. Inafaa kusema wazi hapa kwamba walinzi wa usanifu mara nyingi hulenga shabaha isiyo sahihi. Muuza mitumba anayeita "buku, buku" ametaja bei yake kwa neno ambalo mnunuzi wake analielewa. Tangazo sanifu lisilosema kitu ndilo linaloidhuru lugha zaidi.

5.0 Namna ya kujifunza

Mmarekani Claude Hopkins, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1923, alisisitiza kwamba tangazo lipimwe kwa hesabu. Kampuni alizoziandikia zilichapisha kuponi, na idadi ya kuponi zilizorudi ilionyesha ni maneno yapi yaliyofanya kazi. Mwenye genge hana kuponi, ila ana daftari, na wahenga walikwisha sema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Aweke kibao kimoja kwa wiki mbili na kingine kwa wiki mbili zinazofuata, akihesabu kila siku wateja wapya na kuwauliza kilichowaleta. Mbinu hii ina kasoro, kwa kuwa mvua au mwisho wa mwezi vinaweza kuvuruga hesabu, lakini ni bora kuliko kukisia.

Zoezi la thamani zaidi ni la kuandika maneno ya wateja kama walivyoyatamka. Anayeuliza "haya hayajatiwa maji?" amempa muuzaji kichwa cha tangazo lake. Hii si kazi tofauti na ile ya mtafiti wa lahaja anayekusanya data uwandani, na wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada wangeweza kuanzia katika daftari kama hilo.

6.0 Tangazo kama tendo

J. L. Austin, katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1962, alionyesha kwamba kuahidi si kueleza jambo bali ni kulitenda. "Sare uichukue Ijumaa" ni ahadi, na Ijumaa ikifika bila sare, mzazi hataona udhaifu wa mtindo. Ataona uongo, naye ni jirani. Sheria nazo zinaingia hapa. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya 2003 na ile ya kumlinda mlaji ya Kenya ya 2012 zinakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa, na hazimwachi nje mwenye duka dogo. Penye dawa za mitishamba hatari ni kubwa zaidi. Kitenzi "hutibu", chenye hu- ya mazoea, kinadai kwamba tokeo hutukia kila mara, na mgonjwa anayekisoma anaweza kuiacha hospitali kwa ajili ya mofimu moja.

Ahadi inayotimizika huhitaji ujasiri wa namna nyingine. Muuza maziwa anaweza kuongeza maneno matatu chini ya kibao chake: "Ukionja maji, rudisha." Kabla ya kuyaandika atalazimika kumuuliza aliyemletea maziwa alfajiri maswali ambayo hajawahi kumuuliza, na kutenga fedha za mtu wa kwanza atakayerudi na chombo mkononi.