Mama, Usimkemee Kabla ya Kumwuliza

Binti yako anasoma chuo kikuu na bado anaishi nawe nyumbani. Ni saa mbili usiku. Vyombo havijaoshwa, mtoto mdogo analia, naye ameinamia simu. Unapandwa na hasira: "Kutwa na simu tu! Iweke hiyo uje uoshe vyombo." Anatii, lakini anaosha huku machozi yakimlengalenga. Hukujua kwamba alikuwa katikati ya jaribio la dakika thelathini.

Siku hizi vyuo vikuu vingi vina darasa la pili ndani ya intaneti. Programu moja inayotumiwa sana kwa kazi hiyo ni Moodle, ambayo hutumiwa pia na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Aliyeianzisha ni Martin Dougiamas wa Australia, na toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2002. Yeye mwenyewe alilelewa jangwani, mbali na shule, akapata masomo kwa redio. Kwake, nyumba kuwa darasa halikuwa jambo geni.

Humo mhadhiri huweka masomo, majaribio, na kazi za kukabidhiwa kabla ya siku na saa aliyopanga. Jaribio likiwa na muda maalumu, saa huendelea kuhesabu hata mwanafunzi akiizima simu. Muda ukiisha, mara nyingi majibu hukusanywa yalivyo, hata kama ni nusu.

Je, mama afanye nini?

Kwanza, jua ratiba yake. Saa za majaribio ziandikwe kwenye kalenda ya ukutani, kama unavyoandika siku ya kliniki ya mtoto. Saa hizo mpe mahali patulivu, na redio izimwe. Hii haina maana kwamba asifanye kazi za nyumbani. Zipangwe kabla au baada, na kaka yake naye asaidie.

Pili, fikirieni gharama. Bando la intaneti lihesabiwe pamoja na nauli. Tena, akiwa na programu ya Moodle kwenye simu, anaweza kupakua masomo mengi kwa intaneti ya chuo, akayasoma nyumbani bila kutumia bando.

Tatu, fuatilia kwa upole. Ni kweli kwamba simu hiyohiyo ina michezo na soga. Basi mwombe akuonyeshe kazi alizokabidhi, zilizobaki, na alama alizopata, kwa kuwa hayo huonekana humo. Usimdai neno lake la siri, wala usikubali mtu mwingine amfanyie kazi zake.

Na kama uliwahi kumwondoa kwenye jaribio kwa kutojua, mwombe radhi. Heshima ya mzazi haipungui kwa kusema, "Nisamehe, mwanangu." Kisha mwulize, "Kesho una darasa saa ngapi?"