SNK: jina lilibaki, wafanyakazi wakaenda

Mukipita ku kartie saa watoto wanatoka masomo, mutakuta nyumba kidogo yenye televizio moja ao mbili, na vijana wanapigana kwa manete. Huyu anakamata Terry, ule anakamata Kyo, wengine wanangojea zamu yao na franga mukononi. Baba anatoka kazi, anapita, anasema ni mambo ya watoto tu. Lakini nyuma ya wale wapiganaji kuko habari ya patron na wafanyakazi wake, na mutu wa mine ataisikia mbio.

Kompani inaitwa SNK. Eikichi Kawasaki aliianzisha mwaka wa 1978 katika muji wa Osaka, Japani. Mu ule ule muji kuko kompani ingine, Capcom, yenye ilitoa Street Fighter mwaka wa 1987. Mukubwa wa kazi ile alikuwa Takashi Nishiyama. Kiisha muchezo kutoka, yeye na mwenzake Hiroshi Matsumoto wakaacha Capcom, wakaingia SNK. Jina la Street Fighter halikuwafuata. Lilikuwa mali ya kompani. Capcom ikaweka watu wengine ku kazi, na mwaka wa 1991 wakatoa Street Fighter II, yenye ilishika dunia nzima. Mwaka ule ule Nishiyama na wenzake wakatoa Fatal Fury kwa SNK. Watu wengi walisema SNK inaiga Capcom. Mimi naona walisahau kuuliza nani alichimba shimo la kwanza.

SNK ilikuwa na akili ya biashara. Mwaka wa 1990 ilitoa mashini ya Neo Geo. Mwenye nyumba ya michezo hakulazimishwa tena kununua mashini mupya kila muchezo ukitoka: alibadilisha kaseti tu, na mashini kubwa ziliweza kubeba kaseti sita. (Shaba iko ndani ya mbao za zile mashini pia, lakini ile ni habari ingine.) Walitengeneza na ya kuchezea nyumbani, lakini bei ilipita dola 600, na kaseti moja karibu dola 200. Ni watoto wa matajiri tu njo waliiona.

Mwaka wa 1994 wakakusanya wapiganaji wa michezo yao mbalimbali mu muchezo mumoja, The King of Fighters: ekipi nane, kila moja watu watatu. Kutoka pale, kila mwaka mupya ulitoka na wake, na vijana waliungojea sawa vile wanangojea match ya derby.

Kiisha mambo ikageuka. Sega na Namco walileta wapiganaji wenye kuonekana sawa watu wazima wenye mwili, mbele na nyuma. SNK ikajaribu kuwafuata na mashini mupya mwaka wa 1997. Michezo saba tu ndiyo ilitoka juu yake. Madeni ikapanda. Mwaka wa 2000 Aruze, kompani ya mashini za kamari, ikaikamata SNK, na sura za wapiganaji zikawekwa mu zile mashini za kamari. Mwaka wa 2001 SNK ikafilisika.

Wafanyakazi wakatawanyika. Wengine walifungua kompani kidogo, Brezzasoft, na The King of Fighters ya mwaka wa 2001 ikafanywa pamoja na Wakorea wa Eolith, wenye walileta feza. Nishiyama alikuwa amekwisha kwenda kuanzisha Dimps. Na Kawasaki, muzee mwenyewe? Alikuwa amefungua Playmore, na ile Playmore njo ilinunua majina yote ya SNK. Ni sawa na permi ya mine: sosiete inakufa, karatasi inauzishwa. Sisi tuliona Union Minière ikageuka Gécamines, jina lingine, shimo lile lile. Kule jina lilibaki, ni watu wenye walibadilika.

Mwaka wa 2008 Capcom ilitoa Street Fighter IV, na wenye walisaidia kuitengeneza ni Dimps ya Nishiyama. Miaka 20 na zaidi kiisha kutoka, alirudia ku muchezo wake wa zamani, lakini sawa mutu wa kontra.

Leo SNK iko mukononi mwa fondasio ya Mohammed bin Salman, mwana wa mufalme wa Saudia, yenye ilifikisha zaidi ya 96 kwa mia ya aksio mwaka wa 2022. Mwezi wa nne 2025 ikatoa Fatal Fury mupya, ya kwanza tangu 1999. Ndani kuko Cristiano Ronaldo, anapiga watu na mupira. Mutoto akikuuliza Ronaldo anatafuta nini mu muchezo wa kupigana, mwambie aangalie kwanza anachezea ekipi ya inchi gani.